Komeo Chini ya Mto wa Mtoto

Kwetu Mabawa kichanga halali bila chuma kichwani. Mpaka arobaini itimie, chini ya mto wake huwekwa kisu au mundu, visimsogelee vya kumsogelea. Kwa wakwe zangu hawakuweka kisu. Waliweka kipande kizito cheusi, kinene kama mpini wa jembe, chenye mkono uliotokeza ubavuni na kirungu cha mviringo mwisho wake. Mume wangu alikilalia, na baba yake kabla yake. Bibi wa mume wangu ndiye aliyekiweka, akanambia, "Hiki ni cha wanawake. Wanaume hawakijui, nawe usiwajulishe."

Nilinyonyesha juu ya kile chuma, ndani, mlango umerudishwa, sina pa kutazama. Nikakizoea. Kulikuwa na taji dogo la kifalme limegongwa humo, na herufi ya kizungu yenye mikia, na kwenye mkono tarakimu mbili: nne na saba. Nimemaliza kidato cha nne. Kwamba si kitasa cha mlango nilijua.

Halafu mafundi wakaja kubadilisha bati. Juu ya ukuta, chini ya paa, wakakuta bunduki imefungwa gunia. Ilikuwa ya babu yake baba mkwe, askari wa Mjerumani. Baba mkwe alijua ipo, akipanda mwenyewe kuipaka mafuta ya nazi. Fundi mmoja alishuka na domo lake hadi barazani pa kahawa, na kabla ya alasiri askari polisi walikuwa ukumbini wakiuliza ni ya nani.

Baba mkwe akatazama tasbihi yake. Mume wangu akasema, "Yangu."

Wakamchukua. Mzee akaendelea na tasbihi. Watu husema nina mdomo. Ninao, na nasema: alinyamaza.

Wifi yangu alipeleka chakula kituoni, akarudi nacho. "Wasema bunduki haina komeo, kile chuma kinachosukumwa kuufunga mtutu kwa nyuma. Wamuuliza kampa nani. Kaka asema hajui. Wasema hatoki mpaka kionekane."

Na kweli hakujua. Nikaingiza mkono chini ya mto.

"Wenda wapi?" bibi akauliza.

"Kituoni."

"Na arobaini hujatimiza?"

"Itanikuta huko."

"Mtoto akipatwa na jambo?"

"Bibi, jambo lishampata. Baba yake yuko ndani."

"Basi acha chuma."

"Chuma ndicho kinachotakiwa."

Nikamfunga mtoto kifuani, nikapita ukumbini. "Baba, twende." Akasema ana presha. Nikaita bajaji.

Kituoni alikuwepo sajenti mtu mzima na askari kijana. Nikaamkia. "Marahaba," sajenti akasema, akamtazama mtoto. "Mbona wewe hujatoka ndani?" Nikaweka komeo mezani. Kijana akacheka, "Lile gobole lao limepata mkia."

"Gobole hushindiliwa kwa mdomoni," sajenti akamwambia. "Hii risasi yaingia kwa nyuma. Kailete, usicheke."

Ikaletwa. Nikamwambia sajenti, tafuta nne na saba. Akavaa miwani. Shina la mtutu lilikuwa na taji kama la komeo, na namba ndefu iliyoishia nne na saba. Nikafuta kutu kwa ncha ya khanga. Kwenye pete ya chuma inayoshika mtutu na mti: nne na saba. Kwenye bamba la kitako: nne na saba. Hata kichwa cha skrubu.

"Waligonga kila kipande, visichanganyike na vya bunduki nyingine," sajenti akasema. "Hiki ni cha hii. Kilikuwa wapi?"

"Chini ya mto wa huyu."

Akakiinua akakinusa. Kilinuka udi na maziwa. Kijana hakucheka tena. Sajenti akamulika ndani ya mtutu: kutu tupu, na nyigu amejenga humo nyumba ya udongo.

"Haijalia siku nyingi," akasema. "Ila silaha ni silaha, mama. Kilichopotea kimeonekana. Amebaki mwenye bunduki. Mumeo akisaini kuwa ni yake, itakuwa yake mahakamani. Kama yuko mwingine, aje kabla hajasaini."

Nikapiga simu palepale, nikamwambia wifi ampe baba yake.

"Shikamoo baba. Mjukuu wako amelazwa kwenye benchi la polisi. Njoo useme ni yako."

"Mwanangu, hii presha..."

"Njoo nayo."

Alikuja na kanzu yake nyeupe, mama yake kamshika mkono. Yule bibi kizee, asiyetoka hata msibani, alimsimamisha mbele ya meza akamwambia, "Haya, sema." Akasema. Ni yangu, ya babu yangu. Sauti ilimtoka kama ya mtoto. Akabaki kuandika maelezo yake. Mume wangu akaachiwa kabla ya magharibi. Bunduki na komeo lake vilibaki kule.

Nje, bibi alinipokea mtoto. Akafungua fundo la khanga, akatoa ufunguo wa chuma wa mlango wa nyumba, akausokomeza kwenye nguo za mtoto, ubavuni.

Njiani mume wangu akasema, "Ungemsitiri mzee." Kila asubuhi namwamkia baba yake shikamoo, maana nimelelewa. Zaidi ya hiyo sina la kumpa.