Kitanda cha Mtani

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Utete, saa kumi alasiri, siku tuliyoshuka kwenye lori mimi, Mama na Bibi. Tulitoka Mbuchi, kijijini kwetu kwenye delta ya Rufiji, jana yake kwa mtumbwi, tukapitia Kibiti. Bibi, mama yake Mama, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari wa macho kutoka Dar es Salaam angepasua hospitalini kesho yake tu, asubuhi. Aliyechelewa foleni angerudi kwao na giza lake.

Hatukuwa na ndugu pale, na Bibi alikuwa ameapa tangu nyumbani: "Mie, mtu mzima na heshima yangu, silali gesti." Kwake gesti palikuwa mahali pa wanawake wasio na kwao. Mama akamjibu kwa upole, "Hatwendi gesti, Mama. Tunakwenda hoteli." Kwetu delta, hoteli ni mahali pa chai na maandazi. Bibi akaridhika.

Jengo la hoteli hiyo lilikuwa la tangu Wajerumani, kuta zake nene kiasi kwamba niliweza kujilaza dirishani. Serikali ililiacha miaka mingi. Ilipokuja ruksa ya biashara binafsi, mfanyabiashara mmoja akalikodi, akalipaka chokaa na kuandika HOTELI juu ya mlango. Ndani kulikuwa na ubaridi kama wa mtungi.

Bibi alikunywa chai barazani, vikombe viwili, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga. "Alhamdulillahi. Haya, tunalala wapi?"

"Hapa hapa, Mama."

"Hoteli gani ya kulala? Umenidanganya, Zuhura!"

"Sikukudanganya. Imeandikwa mlangoni."

"Nisome kwa macho yapi?"

Mwangalizi wa hoteli, mwanamume mfupi wa Kimatumbi, alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. Alikwishajua kwa lafudhi yetu kuwa sisi Wandengereko, watani zake. "Mndengereko na kitanda wapi na wapi! Mwacheni akalale na kaa matopeni."

"Nani?" Bibi akadakia. "Mmatumbi wewe, uliyeteremka milimani juzi kufuata nazi? Kiko wapi hicho kitanda?"

Bibi akaongozwa chumbani. Akapapasa chuma, akapanda, akajinyoosha. "Kitanda cha mtani hakikodiwi, hutekwa. Nimekiteka. Wewe kalale barazani."

Alfajiri tulikuwa wa tatu kwenye foleni. Jicho lake la kulia lilipona, na kwa jicho hilo alikuja kuniona nikiolewa.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho cha neno hoteli. Kisha zamu ya Mama ikafika, nami ndiye niliyempeleka kupasuliwa macho. Asubuhi ile alilalamikia mvua, akalalamikia viatu, akailalamikia hata sauti ya nesi aliyetupigia simu. Ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakuwa akiogopa gesti, aliogopa kisu. Alikuwa akitafuta sababu ya kurudi nyumbani, na Mama alizifunga sababu hizo moja moja bila kukitaja kisu hata mara moja.

Nikainama, nikamfunga Mama kamba za viatu, tukatoka kwenda hospitali, mvua ikinyesha.