Muhogo wa Kupeleka Mkutanoni

Huku kwetu Mahurunga kipupwe ndio msimu wa kufundishwa. Mahindi yameshaingia ndani, mikorosho inapulizwa dawa lakini bado haijaanza kudondosha, jua halichomi, na mtu hana kisingizio cha kukosa mkutano. Kila Alhamisi asubuhi bibi shamba anakuja na pikipiki yake kutoka upande wa Madimba, buti zimejaa vumbi, na sisi tunamsubiri ndani ya ghala la korosho la kijiji, ambalo miezi hiyo huwa tupu. Wanaume wanakaa kwenye mbao upande wa mlangoni. Wanawake tunatandika khanga kwenye sakafu ya saruji, na baridi ya sakafu inapanda mpaka kiunoni, lakini hakuna anayenyanyuka kwa sababu ukinyanyuka tu nafasi imekwenda.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri, nisiseme uongo. Napenda kuuliza maswali, na napenda zaidi kuwajibia wenzangu yale waliyoulizwa wao. Alhamisi ya chanjo ya kuku, bibi shamba alipotuonyesha jinsi ya kumdondoshea kuku dawa ya mdondo jichoni, mimi ndiye niliyemshika jogoo mbele za watu, huku jirani yangu mmoja akipiga kelele utadhani anadondoshewa yeye. Alhamisi ya mabanda ya mbuzi nilisema waziwazi kwamba banda la mwenyekiti wa kijiji linanuka mpaka msikitini. Watu walicheka, mwenyekiti naye akacheka kwa taabu.

Ujasiri huo niliupata kwa mihogo yangu. Shamba langu lilikuwa na jina. Mtu akianza kulima, au akitaka kubadilisha mbegu, alikuja kwangu kukata miti ya kupanda, na sikumnyima mtu. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi. Unamwambia mwenzako apite na panga lake akate anachotaka, yeye anakuombea heri, yamekwisha. Niliipenda ile heri. Nilipenda pia kupita njiani na kuona shamba la mtu limesimama vizuri, nikasema moyoni kwamba ile ni yangu.

Wifi yangu naye alipata mbegu hivyohivyo. Ni dada wa marehemu mume wangu. Aliachika kule mjini, Likombe, akarudi na wanawe na godoro moja, nami nikamkatia kipande cha ardhi iliyokuwa ya baba yao, karibu na bonde. Miti nilimkatia mwenyewe. Nilimchagulia iliyonyooka, nikamfunga mzigo, nikambebea kichwani mpaka shambani kwake mchana kweupe. Tulipanda pamoja tukitaniana. Nilimwambia, wewe umezoea muhogo wa kukaanga wa barabarani, na pilipili juu, kulima utakuweza wapi? Akanijibu, "Subiri, wifi. Utakuja kuniomba muhogo na chumvi juu yake." Nilijiona mtu mwema sana siku ile. Sasa hivi nikiikumbuka natamani hata nisingeifurahia.

Mwaka uliofuata, kipupwe kilipofika, bibi shamba akaja na somo la mihogo. Alitueleza kuhusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Alisema shina linaweza kusimama zuri kabisa, majani ya chini yakaonyesha umanjano kidogo tu, na msimu wa baridi hata hayo majani yanapukutika, kwa hiyo huoni kitu. Ugonjwa uko chini. Ukiukata muhogo unakuta mabaka ya kahawia, makavu, kama mbao iliyoanza kuoza. Akasema unasafiri na mbegu: shina likishaugua, kila pingili utakayokata inaugua, na utakayempa naye umempa ugonjwa. Mwisho akatuagiza kwamba Alhamisi inayofuata kila mtu aje na muhogo mmoja kutoka shambani kwake. "Wowote," alisema. "Msichague."

Mabaka yale nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeanza kuyaona jikoni kwangu, nikawa nayakata kwa kisu na kuwatupia mbuzi, nikijiambia mihogo imekaa mno ardhini, au mvua ilizidi. Nilipokuwa namkatia wifi ile miti sikujua kitu, hilo Mungu ni shahidi yangu. Lakini tangu Alhamisi ile nilijua, na yote niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya nikijua.

Siku moja kabla ya mkutano nilikwenda shambani na jembe. Nikang'oa shina la kwanza, nikakata muhogo: kahawia. Shina la pili: kahawia mpaka katikati. Nikaendelea hivyo nikihema, mpaka kwenye kona moja nikapata muhogo mweupe pe. Nikauosha, nikaufunga kwenye khanga. Ningekwambia kwamba nilikaa nikapanga kudanganya, ingekuwa afadhali, maana angalau ningekuwa na akili ya kudanganya. Hapana. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda mgeni akibisha hodi. Tangu utoto wangu nimelelewa kwamba kinachotoka nje ya nyumba ni kile kizuri, na kibaya tunakila wenyewe mlango umefungwa. Mgeni wa serikali nitamkatia muhogo mbovu mimi?

Alhamisi ilipofika, ungeiona mihogo iliyoletwa ungesema tunashindania zawadi. Yote imeoshwa, minene, imenyooka, mingine imefungwa kwenye majani ya mgomba. Bibi shamba alitandika gunia katikati ya ghala, akashika panga, akaanza kukata mmoja baada ya mwingine mbele yetu. Mweupe. Makofi. Mweupe tena. Makofi. Ulipokatwa wangu nikapigiwa makofi mengi kuliko wengine, na mwenyekiti akasema, "Hapo hata kuuliza ni kupoteza muda." Bibi shamba alifurahi, ingawa nilimwona anakunja uso kidogo kama mtu anayefanya hesabu isiyokubali. Mimi nilipiga makofi ya wenzangu na kuinamisha kichwa. Nilidhani mle ndani mwizi ni mimi peke yangu.

Wifi aliingia amechelewa, miguu ina umande na matope. Muhogo wake ulikuwa na udongo wake wote, ncha imekatwa na jembe.

"Mnisamehe," alisema. "Nimepita shambani sasa hivi. Nimeng'oa wa kwanza niliokutana nao."

Alikuwa amefanya alivyoagizwa. Bibi shamba akaupokea, akaukata, na ndani ulikuwa kahawia mwanzo hadi mwisho. Mwanamke aliyekaa karibu na wifi akavuta khanga yake pembeni, ungedhani ugonjwa wa muhogo unaambukiza nguo.

"Usiogope, mama," bibi shamba alimwambia kwa upole. "Mbegu yako uliitoa wapi?"

Wifi hakunitazama. Alilitazama lile panga.

"Nilikuja nayo kutoka Likombe," alisema. "Nilipewa na jirani."

Wanawake walioniona nimebeba ile miti kichwani walikuwemo mle ndani, tena wamekaa mbele. Hakuna aliyefungua mdomo. Wakati huo sikujiuliza kwa nini. Nilishukuru tu, na hata sasa nashindwa kujisamehe kwa jinsi nilivyoshukuru haraka. Mwenyekiti akasema magonjwa yote yanatoka mjini, watu wakaitikia. Ikaamuliwa shamba la wifi ling'olewe lote na miti yake ichomwe moto, na mvua zikikaribia apewe mbegu safi, yeye na kila anayetaka kuongeza shamba. Mbegu hiyo itoke wapi? Hata hakukuwa na mjadala. Itoke kwangu. Nikapigiwa makofi tena.

Siku ya kung'oa tulikwenda wanawake wengi kumsaidia. Niling'oa kwa mikono yangu ile miti niliyompa, iliyokuwa imenizidi urefu, nikaikokota mpaka kwenye moto. Baadhi ya mihogo ilikuwa inalika nusu, wifi akaikusanya akatuchemshia, maana watu wamekuja kumfanyia kazi, hawezi kuwaacha waondoke na njaa. Alipopakua niliona anachambua vipande. Vile vyeupe kabisa aliviweka kwenye sahani yangu, mimi mke wa kaka yake mkubwa. Vyenye kovu la kisu alijiwekea yeye na wanawe. Nilitaka kukataa nikaona nitajiumbua, kwa hiyo nikala.

Wenzetu walipoondoka nilibaki namsaidia kusugua sufuria.

"Wifi," nikamwambia, "kwa nini ulisema Likombe?"

"Sasa ningesema nini mbele za watu?" alinijibu bila kuacha kusugua. "Nikuaibishe wewe uliyenipa ardhi? Nilisema vile ili upate nafasi. Nilijua utasema mwenyewe."

Hakunisema kwa ukali. Alizungumza kama mtu anayekuonyesha kuni ziko wapi. Alinikingia kifua, akaniachia mlango wazi nipite kwa heshima yangu, na alikuwa na hakika kabisa kwamba nitapita.

"Nitasema," nikamwambia.

Alhamisi iliyofuata somo lilikuwa la kupulizia salfa mikorosho. Nilikaa nyuma, karibu na ukuta. Bibi shamba aliniuliza kama ninaumwa, mbona siulizi kitu, nikasema ni mafua. Alhamisi nyingine lilikuwa somo la kupe wa mbuzi, na mara hii nilisimama kabisa nikataka kusema, watu wakanyamaza kunisikiliza, na nikauliza swali la kijinga juu ya kupe. Wifi alikuwa amekaa mbele. Alipogeuka kunitazama alikuwa na uso wa kunitia moyo, na nikamchukia kwa sababu ya uso ule. Nasema ukweli, nilimchukia. Niliona bora angenipasulia mambo yangu hadharani, mimi niwe na haki ya kununa.

Kipupwe kikaisha, jua likarudi, korosho zikaanza kudondoka na mikutano ikakatika. Nilijiambia kila mtu yuko bize na korosho. Nilijiambia pengine ugonjwa wenyewe sio mkali kama tulivyoelezwa. Kunde na mchicha vilimsukuma wifi siku mbili tatu, halafu akaanza kuokota korosho za watu kwa kibarua, na mimi nikawa nampelekea unga wa muhogo. Unga huo niliutwanga kutoka kwenye mihogo ya shamba langu, na yeye alijua, na kila nilipoufikisha alinishukuru.

Mawingu ya kwanza yalipoanza kukusanyika upande wa mto, wakaja. Nilikuwa shambani asubuhi nikasikia mazungumzo, kuinua kichwa nikaona wanawake wa kijiji wanakuja na mapanga na kamba za kufungia mizigo. Wamekuja kukata mbegu safi. Wifi alikuwa nyuma yao. Yeye ndiye aliyeandaliwa ile mbegu kuliko wote, na asingekuja ingeonekana ana kiburi. Alisimama pembeni ya shamba na panga lake, akanitazama, akangoja.

Jirani yangu yule wa kuku ndiye aliyetangulia. Alishika shina akainua panga.

"Usikate," nikasema.

Akadhani nampa lingine lililo bora zaidi, akasogea kwenye shina la pili.

"Na hilo usikate. Usikate lolote."

Nililing'oa shina nililokuwa karibu nalo, nikaupasua muhogo mbele yao. Sikuhitaji kutafuta. Nikawaambia shamba langu ni bovu lote, kwamba ule muhogo mweupe niliopeleka ghalani niliuchagua, na kwamba mbegu ya wifi haikutoka Likombe, ilitoka hapa tuliposimama, na wao wanajua. Nilingoja wanitemee mate.

Jirani yangu akashusha panga. Akatazama wenzake, kisha akaanza kucheka.

"Hee! Kwani wa kwangu niliuokota?" alisema. "Nilichimba mpaka giza likaingia."

"Mie niliazima kwa shemeji yangu," mwingine akadakia. "Kwangu hamna hata mmoja wa kutoa mbele za watu."

Na mwingine tena, na mwingine. Ikawa hakuna mwenye shamba zima. Mbegu zao ama zilitoka kwangu ama kwa aliyetoa kwangu, na kila mmoja alikaa siku ile ghalani akipiga makofi na kuinamisha kichwa kama mimi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tuta. Walisema bibi shamba akirudi tutamweleza, yeye atajua pa kupata mbegu nyingine, na kwa sasa tutakula hivihivi kwa kukatakata. Na mimi nilicheka nao. Mzigo wote wa miezi ile uliniporomoka mara moja, nikacheka mpaka machozi.

Wifi hakuwa anacheka. Alikuwa bado amesimama palepale pembeni, panga mkononi, akitutazama mmoja mmoja. Mihogo yetu, mibovu kama ilivyo, ilikuwa bado imesimama ardhini, na mchana ule kila mmoja angepita shambani kwake akachimba cha kupika.

"Kwa hiyo," aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka tu kuelewa, "mie peke yangu ndiye niliyeng'oa?"

Wenzangu wakashughulika na kamba zao. Alikuwa ananiuliza mimi.

"Ndiyo, wifi," nikamwambia. "Peke yako."