Upande wa Fundi Viatu

Mtaa mzima humwita Bibi Mkasi, na usidhani ni kwa sababu ya cherehani yake. Kila asubuhi, kabla hajashona hata tundu la kifungo, huzunguka uzio wake akikata maganda ya mbegu. Uzio umefunikwa na mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu, ndugu wa kunde na maharage, ila huu ni wa kupendeza macho tu. Aliupanda marehemu mumewe. Maganda yakikomaa, maua hupungua. Basi Bibi Mkasi haachi hata moja. Wala ulimi wake haumwachi jirani, fundi viatu, ambaye upande wake wa uzio maganda hukaukia palepale.

"Mvivu wewe! Hata kunyanyua mkono?"

Fundi viatu hucheka, akaendelea kugonga misumari.

Mwaka huu mwenye nyumba akaleta habari: uzio unavunjwa, unajengwa ukuta. Mizizi ilikuwa imeshazama chini ya msingi wa uzio, kuing'oa ni kuiua. Ilibaki mbegu. Bibi Mkasi akaufungia mkasi kabatini ili maganda yakomae, na kwa kiburi chake asimwambie mtu, wala asimwombe fundi viatu yale yake makavu. Kisha akaenda kumuuguza dada yake.

Aliporudi, siku moja kabla ya uzio kuvunjwa, mke wa mwanawe, bibi harusi wa juzijuzi, alimlaki mlangoni na ungo.

"Mama, wewe pumzika. Nimekukatia yote, hata moja sikubakiza!"

Loo! Maganda mabichi, laini, mbegu zake bado maji matupu.

"Umenimaliza, mwanangu! Mbegu zake ndizo hizo!" Akaketi kizingitini akalia kwa sauti. Mkwe naye akalia, maskini. Alichotaka ni kupendwa tu, na alifanya alichomwona mama mkwe akifanya kila siku.

Kilio kikamtoa fundi viatu. Alipoelezwa, akarudi kwake, akaja na kopo la rangi ya viatu. Akalitikisa, likalia chakachaka. Ndani mlikuwa na mbegu nyeusi, kavu.

"Chukua, shemeji. Marehemu ndiye aliyeniomba. Alisema, 'Upande wako usikate. Mke wangu namjua, hatabakiza hata moja, na siku moja atazitaka.'"

Bibi Mkasi akalipokea kopo kwa mikono miwili.

"Miaka yote hii nakutukana. Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi, shemeji?"

Kicheko na machozi vikamtoka pamoja. Alimkumbuka mumewe. Kumbe mzee alimjua hivyo, na bado alimpenda.

Akaenda kabatini, akautoa mkasi, akamkabidhi mke wa mwanawe.

"Haya, shika. Mbegu hizi zina ganda gumu, zikwaruze kidogo kwanza kwa ncha ya mkasi, kisha tuziloweke. Na mmea ukiota, mwanangu, tutakata upande mmoja tu. Ule mwingine tumwachie mvivu wetu."