Keria ya Pikipiki na Kioo Nilichokigeuza

Pikipiki yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya baba mkwe. Alikuwa bwana mifugo huko upande wa Magu, na pikipiki yake ilikuwa ile aina ndefu ya porini, tairi zenye meno, madigadi yameinuka juu kama jogoo anayetafuta ugomvi. Bila hiyo hafiki kwenye maboma ya wafugaji, na asipofika ng'ombe wanakufa na lawama zinamrudia yeye. Injini ilikufa, ikaletwa Mwanza kwa mafundi, ikafufuka. Ikabaki kurudishwa. Nikasema nitairudisha mimi. Nani aliniomba? Hakuna.

Wakati huo nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa sangara pale Mwaloni. Enzi za ruksa hizo, kila mwenye chochote ananunua na kuuza, na magari ya samaki yanapishana Kirumba kama siafu. Langu lilikuwa Landrova, nyuma imefunikwa. Mama mkwe naye alikuwa kwetu, alikuja kumuuguza mke wangu uzazi wa mtoto wetu wa pili, na sasa alitaka kurudi kwake. Tajiri akanipa gari Jumapili moja. Akaniambia nisimwage mafuta ndani, basi.

Sasa nieleze jambo moja, maana vijana wa leo wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana, sisemi kitu. Sisi mkwe alikuwa mkwe. Mama mkwe humtazami usoni, wala hamsemezani ana kwa ana. Huli mbele yake. Mkikutana njiani unaingia majanini hadi apite. Kwa hiyo kukaa naye kiti cha mbele, bega kwa bega hadi Magu, hilo halikuwepo. Akae nyuma. Na akikaa nyuma, hawezi kukaa na pikipiki inayovuja petroli. Ndiyo kusema pikipiki ining'inie nje, kwenye keria inayochomekwa kwenye ndoano ya kuvutia tela.

Keria zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa mchomeleaji wa Kirumba, kaichomelea mwenyewe kwa vyuma vya pembe, nyeusi, nzito, haina sura. Yule bwana alikuwa na mdomo. Mageti yake nusu ya mtaa hayafungi, lakini ukilalamika unaondoka umechekwa wewe.

"Hii utabebea hata punda," akaniambia.

"Mimi nampeleka mama mkwe, si punda."

"Basi chukua, kaka. Mama mkwe ndiye anayetaka chuma cha maana."

Waliokuwa wamekaa pale wakacheka. Mimi nikanuna. Niliona amenitukania mkwe. Nikapanda hadi Buzuruga, kwa jamaa mmoja aliyeuza vifaa vya magari vilivyotumika Ulaya. Yake ilikuwa nyepesi, inang'aa kama sufuria mpya, ina vitaa viwili vyekundu.

"Inabeba pikipiki?" nikauliza.

"Inabeba."

"Hata ile kubwa ya porini?"

"Kaka, pikipiki ni pikipiki."

Jibu hilo lilinitosha. Ukweli ni kwamba vile vitaa ndivyo vilivyoninunua mimi. Niliona namna nitakavyoingia uwanjani kwa baba mkwe, vitaa vinawaka mchana kweupe, wazee wanainuka vitini.

Siku ya safari nikaichomeka keria ile ya vitaa, nikaifunga pikipiki juu yake kwa mipira. Mama mkwe akapanda nyuma na jogoo tuliyempa kama shukrani. Mimi nikaketi kwenye usukani, nikainua macho kwenye kioo cha ndani, nikakutana na uso wake mzima. Nikashtuka kama niliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Nikakigeuza kioo kikatazama paa. Vya pembeni, kimoja kilikwisha kuvunjika, kingine kilikuwa kinaonyesha mlango wangu tu. Nikaondoka nikijiona mwana mwenye adabu.

Tulipoacha mji nikaanza kusikia sauti nyuma. Mama mkwe alikuwa akiongea na jogoo.

"Jogoo wangu, unaona yale? Mimi naona."

Nikakanyaga mafuta. Maneno ya mtu na kuku wake hayanihusu.

Baadaye tena, "Jogoo, kile kitu kinainama. Wewe una mdomo, mbona husemi?"

Nilidhani anamtania. Na injini ya Landrova mnaijua kelele zake. Karibu na Magu akapaza sauti. "Jogoo, mwambie mwenye gari pikipiki ya mzee inakwenda kwa miguu!"

Hapo nikasimamisha. Keria ilikuwa imepinda kama kijiko cha bati, mipira imekatika, tairi la nyuma linaburuzwa kwenye lami, meno yake yamelika upande mmoja. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Wakasimama kutazama. Nilijaribu kuinyanyua peke yangu, nikashindwa. Nikasikia mlango wa ubavuni, ule wa abiria wa nyuma, unafunguka.

Alishuka. Akafungua kanga yake ya juu, akabaki na ya chini. Niliijua kanga ile. Niliitoa mimi mwenyewe siku ya kuoa, ya kumshukuru kwa mbeleko aliyombebea binti yake.

"Jogoo, mwambie ainue upande wa usukani."

Nikainua. Yeye akainua upande wa pili. Juu ya kiti mikono yetu ikagusana, nami nikatazama chini, nikaona miguu ya watu imetuzunguka. Akaipitisha kanga chini ya injini, akaizungusha kwenye vyuma vya mlango wa nyuma wa gari, akafunga fundo kama anayefunga mtoto mgongoni.

"Bwana dereva," mmoja akasema, "hongera ya uzazi."

Tukaenda polepole kama msiba. Baba mkwe alikuwa nje na wenzake wawili. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, macho yake yakiwa kwenye kanga ya mkewe iliyolowa oili mbele ya wageni. Akalishika tairi, akapitisha kidole palipolika. Kesho yake alikuwa na ng'ombe wa kuchanja.

"Kumbe ilikwenda Mwanza kunyonya," akasema. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nililetewa chakula peke yangu, nikakila bila kukionja. Nilipotoka niliikuta keria imeegemezwa kwenye zizi. Hakuna aliyeniambia niichukue, nami sikuigusa. Nikaingia garini, nikainua macho.

Kioo kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Mle ndani nikauona uwanja, beseni lenye kanga iliyolowekwa, na mama mkwe amesimama, amenipa mgongo makusudi ili niweze kutazama nyuma.