Maombi Juu ya Boneti

Eugene Opati alipewa sauti. Wengine hupewa shamba, wengine hupewa miguu ya kukimbia. Yeye alipewa sauti, na kwa miaka mingi hakujua la kuifanyia zaidi ya kuimba besi katika kanisa dogo la mabati huko Khwisero na kuwaombea wagonjwa. Akiomba, akina mama walilia. Hata yule mkaidi aliyekuja ibadani kwa ajili ya chai aliinamisha kichwa. Lakini sauti hailipi karo. Watoto walipofika watatu, na viatu vya mitumba alivyouza vikakosa wanunuzi, alimwachia mkewe Edah kile kishamba chao cha mahindi, akaja Kakamega mjini kutafuta riziki.

Aliipata kwenye yadi ya magari kando ya barabara, pale palipokuwa na bendera ndogondogo za rangi zilizochakazwa na mvua. Mwenye yadi aliitwa Kipsang, mtu wa maneno machache na kicheko cha haraka. Mwanzoni Eugene aliosha magari tu, na aoshaye gari huona mengi. Alijifunza kwamba injini baridi husema ukweli, kwa hiyo mteja akipiga simu kwamba amekaribia, gari liwashwe mapema lipate moto, lisije likakohoa mbele ya mgeni. Alijifunza kwamba mita ya mwendo inaweza kurudishwa nyuma kabla ya chai ya saa nne. Alijifunza pia kuhusu yule mteja mwingine, yule aliyekuwa kila siku anakuja saa nane kutoka Bungoma kulichukua gari hilo hilo unaloliangalia wewe. Hakuna aliyewahi kumwona, lakini aliuza magari mengi kuliko wafanyakazi wote wa yadi.

Siku moja mwalimu mmoja alikuwa amesimama mbele ya gari na karatasi mkononi, ameandika maswali yake yote kwa mpangilio kama mtihani. Alifika swali la tatu, akachoka na majibu ya Kipsang, akauliza kwa unyonge, "Hapa hakuna mtu anaweza kuniombea hii gari, angalau?" Kwetu huku kitu kipya huombewa. Nyumba huombewa, ng'ombe huombewa, hata kalamu za watoto kabla ya mtihani. Eugene aliweka chini ndoo yake, akafuta mikono kwenye suruali, akaweka kiganja juu ya boneti. Aliomba kwa moyo wake wote. Waliokuwepo walifumba macho, isipokuwa Kipsang. Yeye alimwona mwalimu akiikunja ile karatasi na kuitia mfukoni, na baada ya Amina hakuitoa tena.

Kesho yake Kipsang alimletea Eugene shati jeupe.

"Ndoo mpatie mwingine. Wewe sasa ni pasta."

"Bosi, mimi si pasta. Sijasomea."

"Nani amekuuliza cheti?"

Ikawa hivyo miaka minne. Karo ililipwa. Edah akaezeka jikoni. Na kama dhamiri ilimsumbua, Eugene alikuwa na jibu lake: mimi sijamwambia mtu gari ni zima, mimi nimemwambia Mungu alilinde. Jibu hilo lilimtosha kulala.

Kisha likaja gari la rangi ya fedha. Lilivutwa kwa kamba kutoka upande wa Nairobi baada ya mafuriko. Lilikuwa limelala majini mpaka kwenye usukani. Eugene mwenyewe ndiye aliyeanika viti juani siku sita, na kunyunyiza unga wa kahawa kila pembe kuua ile harufu ya kisima kilichooza. Chini ya kapeti hawakugusa. Kipsang alisema hakuna mtu ananunua gari kwa kuangalia chini ya kapeti.

Mteja wa gari hilo alikuwa mama mmoja wa Chekalini, Jael, mke wa mzee Makhanu. Alikuja na Khisa, mtoto wa wifi yake, fundi wa matrekta mwenye kofia iliyojaa grisi. Jael hakuficha shida yake. Figo za mzee zilikuwa zimekufa, na kila Jumanne na Ijumaa alipaswa kufika Eldoret kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwa magari ya abiria alikuwa akitapika njia nzima, na akirudi alishushwa barabarani akabebwa kwa wilbaro mpaka nyumbani. "Mwanaume aliyelima eka kumi na mbili," Jael alisema, "abebwe na wilbaro kama mbolea." Ndipo wakauza mahindi ya ghala na ng'ombe wawili.

Khisa hakuwa na haraka. Alilinusa lile gari kama mbwa wa polisi.

"Mayi," akamwita Jael, yaani mama, "hii gari inanuka kahawa. Nani hunywanga kahawa ndani ya gari?"

"Mwenyewe alikuwa dereva wa watalii," Kipsang akajibu bila kupepesa jicho.

"Watalii walikuwa wanaimwaga?"

Jael alicheka. Alikuwa amempigia mumewe simu na kuweka sauti ya juu ili naye asikie, na kutoka kwenye simu ile mzee Makhanu alicheka pia, kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi. Khisa hakucheka. Alifungua mlango wa dereva, akapiga goti, akashika ukingo wa kapeti.

Kipsang alimtazama Eugene.

"Tuombe," Eugene akasema.

Mtu afanye nini akisikia neno hilo? Khisa aliachilia kapeti, akasimama, akavua kofia. Eugene aliweka mikono yote miwili juu ya boneti. Alimwombea mzee kwa jina. Aliomba gari hilo liwe machela ya rehema, liende na kurudi, lisisimame njiani hata siku moja, maana Wewe Bwana hukawii. Jael alitokwa machozi, na simuni ikasikika sauti ya mzee ikiitikia "Ndiyo, Bwana" kwa kila sentensi. Baada ya Amina Khisa aliinama tena kwenye ule mlango.

"Khisa, wacha," Jael akamwambia. "Imeshakabidhiwa. Unataka kukagua kazi ya Mungu?"

Akatia sahihi karatasi iliyosema gari limenunuliwa kama lilivyo. Usiku ule Eugene hakulala vizuri, lakini alilala.

Majuma matano baadaye Jael alirudi, peke yake, kwa miguu kutoka stendi. Kipsang alipomwona alichukua ile karatasi mapema, akaishika tayari.

"Sijakuja kwa ajili yako," Jael akamwambia. "Nimekuja kwa pasta."

Wakasimama kando, kwenye kivuli cha ukuta. Alieleza polepole. Jumanne ya wiki iliyopita, wakiwa nusu ya safari, gari lilizima. Taa zote zikawaka mara moja, kisha zikazima zote. Khisa alifungua boneti, akakuta nyaya zimeota kutu ya kijani. Walirudishwa na trekta jioni, mzee akiwa hajafika kwenye mashine.

"Jirani yetu akasema Ijumaa ile angetubeba na pikapu yake. Mzee amekataa."

"Amekataa kwa nini, mama?"

"Anasema gari iliombewa. Anasema uliomba isisimame, na yeye mwenyewe akaitikia, na ikasimama. Kwa hivyo Mungu amejibu. Anasema Mungu amemwambia, 'Makhanu, basi, pumzika.' Amegeukia ukuta, hataki pikapu, hataki Eldoret. Mimi nimemsihi, watoto wamemsihi." Alimtazama Eugene usoni. "Khisa anasema mlijua. Mimi sitaki pesa leo. Kama mlijua, uje umwambie. Umwambie si Mungu aliyesimamisha gari."

Eugene alisema atakuja. Alisema kesho.

Lakini Kipsang alikuwa amesikia, na jioni alimwita. "Ukienda kule ukafungua mdomo, hiyo familia itakuja na wakili. Ukienda, usirudi hapa." Hakupaza sauti. Eugene alifikiria karo ya muhula. Kesho ikawa kesho kutwa. Jumanne ikapita, naye alikuwa akimwonyesha mtu gari jekundu, na saa nne hasa, saa ambayo mzee angekuwa amelazwa mkono kwenye mashine, alijikuta amesahau alichokuwa anasema. Ijumaa nayo ikapita. Mara mbili Jael alipiga simu, na mara mbili Eugene aliitazama simu ikilia mpaka ikachoka.

Jumamosi usiku alimweleza Edah kwa simu. Edah akauliza swali moja tu: "Na huyo mzee anakula nini siku hizi?" Eugene hakujua.

Jumapili alfajiri aliondoka bila lile shati jeupe.

Huko Chekalini mahindi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu. Lile gari lilikuwa uani, magurudumu yamezama kwenye tope. Mzee Makhanu alikuwa sebuleni, ameegemezwa kwenye kiti kwa mito, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa mistari. Jael alikuwa amesimama mlangoni. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Ni yule pasta," akamwambia mumewe.

"Mzee, mimi si pasta," Eugene akasema. "Mimi ni mwuza magari. Nimekuja kukwambia lile gari lililala kwenye mafuriko. Tulijua. Mungu hakulisimamisha. Lilisimama kwa sababu lilikuwa bovu tangu tukuuzie."

Mzee alikaa akivuta pumzi. Sauti ilipotoka ilikuwa kama ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Jael amekulipa ngapi?"

"Hajanilipa, mzee."

"Wamekutuma ili nikubali pikapu. Mimi nilisikia yale maombi. Nilivua kofia hapa hapa, peke yangu. Nimekaa kanisani miaka hamsini, najua maombi ya mchezo. Yale hayakuwa ya mchezo."

Kumbe Eugene alikuwa ameomba vizuri mno. Uongo wake ulikuwa umesimama pale sebuleni kama ukuta, na ukweli wake ulikuwa mgeni asiyejulikana na mtu.

Khisa ndiye aliyetoka nje. Walimsikia akirarua kapeti. Alirudi na tope mkononi, bado lina unyevu ndani, na kipande cha jani la gugu la maji, akaliweka kwenye kiganja cha mjomba wake. Mzee alilivunja kwa kidole gumba. Alilinusa. Udongo wa shamba lake ni mwekundu, anaujua kama anavyojua ngozi ya mkono wake. Huu ulikuwa mweusi, wenye kunata.

"Huu si wa kwetu," akasema.

"Ni wa Nairobi, mzee."

"Na wewe ulijua uko hapo, wakati unaomba?"

"Nilijua. Khisa alikuwa anainua kapeti. Niliomba ili aache."

Jael alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sufuria. Mzee alifunga kiganja juu ya lile tope.

"Kwa hivyo Yeye hakusema chochote."

"Hakusema chochote, mzee."

"Mwite jirani na pikapu yake," mzee akamwambia Khisa. Kisha, bila kumtazama Eugene, "Huyu asiniombee."

Walitandika godoro nyuma ya pikapu. Mzee hakuweza kusimama. Khisa alimshika mabegani, Jael akamshika kiuno, na miguu haikuwa na wa kuishika, kwa hiyo Eugene aliinama akaibeba. Ilikuwa imevimba, mizito na baridi.

"Wiki iliyopita," Khisa akasema huku wakimpandisha, akihema, "angepanda mwenyewe bila kubebwa."

Walipomlaza, Eugene alitoa mikono yake, akaona alama za vidole vyake zimebaki kwenye ngozi ya miguu ya mzee, vishimo kumi, vyote vimetulia kama vilivyo. Alisubiri vijae. Havikujaa. Jael aliviona, akavuta blanketi, akafunika, akapanda. Pikapu ikaondoka kwa gia ya kwanza kwenye tope, polepole, na Khisa akitembea nyuma yake akiisukuma kila ilipotaka kukwama.