Katikati ya Jibiskuti la Idi

Nikisikia harufu ya siagi inayoshika moto pembeni, na nyuma yake harufu ya bati lililobebeshwa makaa, mimi hugeuka kwanza kutazama ni nani anayetafuna. Msinicheke. Ni tabia niliyoianza nikiwa na miaka kumi na haijaniacha hadi leo. Maziwa ya dukani nayainua kwenye mwanga kabla sijayachemsha, na mtu akiniambia ameshiba, namtazama pembe za mdomo.

Harufu yenyewe ni ya jibiskuti la Idi. Tuliishi Kariobangi, Nairobi, kwenye ploti ya milango minane iliyozunguka uwanja wa saruji. Mlango mmoja ulikuwa wetu, mmoja wa Nyanya, mama yake baba, na mmoja wa Ami Twaha, mdogo wake baba, na mkewe Anti Zuhura. Anti Zuhura aliwahi kufanya kazi ya kuoka mikate kabla hajaolewa, na alikuwa na jambo moja lililomjulisha mtaa mzima. Wanawake wengine wakikata vibiskuti vyao kwa mdomo wa glasi, yeye alioka kimoja tu, kipana kama sinia la pilau, chenye njugu na zabibu na iliki, na katikati yake nyota ya chokoleti.

"Vidogo vinaleta vita," alikuwa akisema. "Hili likiisha limeisha, hakuna wa kuulizwa."

Msidhani tulikuwa na oveni. Mama Wambui, jirani yetu muuza mboga, alikuwa na sufuria kubwa ya shughuli ambayo ilizunguka mtaa mzima kwenye harusi na matanga. Anti alimwaga mchanga chini ya sufuria hiyo, akalaza sinia juu ya mchanga, akafunika kwa bati ambalo fundi wa jua kali alimkatia kutoka ubavu wa pipa. Kisha makaa chini, na makaa mengine juu ya bati. Kila baada ya muda aliinua bati kwa koleo, akachungulia, akarudisha. Sisi watoto tulikaa kwa mbali na saumu zetu, tukimeza mate, ingawa Bilali, mtoto wa shangazi, alitutisha kwamba hata mate yana hesabu yake.

Ile nyota ya katikati haikugawanywa. Nyanya ndiye aliyeamua nani ameifunga Ramadhani vizuri, na huyo ndiye aliyepewa. Mwaka huo Idi iliangukia likizo ya Agosti, hakukuwa na shule ya kusingizia, nikaapa kwamba nitafunga zote. Saumu haikuwa faradhi kwangu, nilikuwa mtoto tu. Nilichokuwa nakifungia, Mungu anisamehe, ni ile nyota.

Siku ya kumi na nne nikanywa maji. Tulikuwa tumecheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, hadi miguu ikachoka, halafu mama akanituma nijaze mtungi kwenye bomba lililokuwa nyuma ya bafu la ploti. Agosti ya Nairobi ni baridi tupu, wala sikuwa na udhuru wa jua. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaweka mdomo bombani. Mafunda matatu. Nikajipangusa, nikabeba mtungi, nikaenda zangu.

Nadhani ni hapo nilipoanza kuwashuku wengine. Nyani haoni kundule, walisema waliotutangulia, na mimi nilikuwa nyani kamili. Nilimchunguza Bilali, nikamchunguza baba yangu, hata Nyanya nilimnusa pumzi alipokuwa anasujudu. Wote safi. Kisha nikasikia mtu anatafuna nyuma ya pazia la Anti Zuhura.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Kach, kach, polepole, kama mtu anayekula karanga na hataki karanga zenyewe zisikie. Nilipoingia alikuwa anakunja nguo. Alijipangusa mdomo kwa ncha ya leso, akaniuliza kama nimetumwa. Nikasema hapana. Akanitazama, nami nikamtazama.

Jumapili yake nikamwona Mama Wambui akimpitishia kitu kilichofungwa kwenye gazeti, na Anti akakisokota kwenye pindo la leso haraka haraka. Alipokwenda kuoga aliacha leso kitandani. Nilifungua lile fundo. Ndani mlikuwa na vijiwe vya kijivu, laini kama chaki, kimoja kina alama za meno. Nikakinusa. Kilinukia vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza.

Nyinyi mnaosoma, hasa akina mama, mshaelewa tangu neno la kwanza. Soko lolote la Nairobi lina mafungu ya vijiwe hivyo, na kila mtu anajua ni wanawake wa hali gani wanaovitamani. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba Anti anakula mchana, tena anakula mawe, na anayempelekea ni Mama Wambui asiyefunga. Nikaamua kwamba Mama Wambui anamfundisha. Nilimweleza Bilali, mkubwa wangu kwa miaka miwili, akaniambia, "Aki wewe, wacha hizo. Nani anakula mawe?"

Kitu kingine ambacho sikukijua, au nilikijua kama watoto wanavyojua mambo, ni hiki. Anti alikuwa ameolewa miaka sita bila mtoto. Mara mbili Nyanya alitangaza habari njema, akazifikisha hadi mtaa wa Mowlem kwa dada yake, na mara mbili watu waliozisikia walirudi kumpa Anti pole. Tangu hapo Nyanya hakuwa mtu mbaya kwake, lakini alimwita "mke wa Twaha". Jina lake alilitaja kama mtu anayeokota kitu kilichoanguka. Kwa hiyo safari ile ya tatu Anti aliapa kufunga mdomo hadi tumbo lijisemee lenyewe. Waliojua walikuwa watatu: yeye, Ami, na Mama Wambui, ambaye alikisia na akanyamaza.

Siku ya mwisho ya Ramadhani, wakati wa kuoka, nilijibanza nyuma ya tangi la maji. Anti alikuwa peke yake na bakuli. Akaangalia mlango wa Nyanya, akachota unga uliokandwa kwa vidole viwili, akautia mdomoni. Akachota tena. Alikula amefumba macho, kwa haraka, kama mtu aliyeshikwa na njaa ya kweli. Mimi nilifurahi. Niseme ukweli wangu, nilifurahi sana.

Idi ilipofika, uwanja wa saruji ulitandikwa mikeka, na dada yake Nyanya akaja na wanawe kutoka Mowlem wakinukia udi. Tulikula pilau, tukanywa sharubati. Mama Wambui alikuja na kopo la njugu na gauni lake la kanisani, kama kila mwaka. Kisha likaletwa jibiskuti, na watu wote wakasema aah, kwa maana mwaka ule lilitoka rangi ya dhahabu hadi ukingoni na nyota yake ikasimama vizuri katikati. Nyanya akashika kisu, akaanza kuwauliza watoto swali la kila Idi.

"Bilali, umefunga ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Nusu ni ya nini?"

"Ile ya Ijumaa, Nyanya. Nilisahau, halafu nikakumbuka nikiwa nimeshiba."

Watu walicheka hadi Nyanya akafuta machozi. Akanigeukia mimi. "Na Salma?"

"Zote," nikasema. Ilitoka kabla sijaifikiria.

"Mashallah. Mungu akuweke," Nyanya akasema, nami nikasogea mbele. Lakini hakukata. "Lakini mwaka huu nyota haiendi kwa mtoto. Itaenda kwa aliyesimama mbele ya moto mchana kutwa, saumu mdomoni, asionje hata chembe. Zuhura, mwanangu, njoo."

Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Anti alisimama akitengeneza leso kichwani, na nikaona kidevu chake kinatetemeka. Mtu mwenye akili angeona furaha pale. Mimi niliona nyota yangu inaondoka.

"Amekula!" nikapiga kelele. "Hakufunga! Nimemwona mwenyewe, mara tatu!"

Mama yangu alinivuta mkono, lakini nilikuwa nimeshaanza. Nilizitaja siku moja moja, ile Jumatano, ile Jumapili, na jana kwenye bakuli. Ya Jumapili niliongeza chumvi, kwa maana siku hiyo niliona fundo tu. Leo najua nilifanya nini kwa kutaja zile siku. Kama ningesema jana tu, wanawake wangeona haya, wangedhani ni zile siku za kila mwezi ambazo mwanamke hafungi, na wangebadilisha mazungumzo. Mimi, kwa siku zilizopishana mno, nilimzibia hata mlango huo. Nikafungua mdomo niwaeleze na habari ya vijiwe, na hapo Mama Wambui akanikanyaga mguu kwa kiatu chake cha kanisani, kwa nguvu, nikameza maneno kwa uchungu.

"Zuhura," Nyanya akasema. Kisu kilikuwa bado mkononi. "Mtoto anasema nini?"

Ami Twaha aliinuka nusu kutoka kwenye mkeka. Anti akamnyooshea kiganja, kidogo tu, Ami akakaa. Ilikuwa rahisi aseme ninamzulia. Ilikuwa rahisi zaidi aseme neno moja lililokuwa tumboni mwake, na Nyanya angeangusha kisu na kupiga vigelegele vya kusikika Mowlem. Anti aliwatazama watu wale wote waliowahi kuja kumpa pole.

"Mtoto hasemi uongo, Mama," akasema. "Nilikula. Nyota mpeni Salma."

Na nikapewa. Jamani, nikaila. Nilikaa ukingoni mwa mkeka na nyota yangu, watu wanaongea kwa sauti za chini, na nikaila yote kwa sababu sikujua jinsi ya kuirudisha. Ilikuwa tamu kupita kiasi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Nyanya alikuwa ameaibishwa mbele ya dada yake, na hasira yake aliipeleka mlango wa Anti. Sahani ya chakula ikitoka kwa Anti ilirudi imefunikwa vile vile. Mtaani kuna waliomwita mla mchana, mbele yake, wakijifanya ni utani. Ami alikonda. Lakini Anti, akinikuta uwanjani, alinisalimia kama kawaida, "Hujambo, askari wangu?" na mimi nikaona jina hilo ni sifa.

Kisha leso ikashindwa kuficha. Nyanya akatambua. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa maneno, sijawahi kumsikia. Alikwenda mlangoni kwa Anti, akabeba beseni lake la nguo chafu, akaketi katikati ya uwanja ambapo milango yote minane inaona, akafua hadi soksi za Ami. Nuru alizaliwa mvua kubwa zilipoanza, mzima, na sauti ya kuamsha ploti. Mama alinieleza baadaye habari ya vijiwe na saumu, kwamba mjamzito anaruhusiwa kula na kulipa siku zake, nami nikalia kidogo, nikajisamehe. Nilijiambia kwamba angalau nilisema kweli. Miaka yote hiyo nilijishikilia hapo.

Mwaka huu nilikwenda kumsaidia Anti kuoka. Ana jiko lenye oveni siku hizi lakini hataki kuitumia kwa jibiskuti, anasema oveni haina adabu ya makaa. Bati ni lile lile la pipa. Nuru, ambaye sasa ananifikia begani, alipita jikoni akajisifu kwamba amefunga zote hadi leo, akatoka. Anti akamsindikiza kwa macho, akacheka peke yake.

"Na yale maji ya bomba, Salma," akaniuliza, "yalikuwa baridi?"

Mwiko uliniponyoka. Siku ile ya kumi na nne, Anti alikuwa ndani ya bafu la ploti, ameinama, anatapika taratibu asisikike. Bati la bafu lilikuwa na tundu. Aliniona nikitazama kushoto na kulia, na akanihesabia hadi mafunda.

Kwa hiyo aliposimama mbele ya watu wale na kusema mtoto hasemi uongo, alijua. Nilipojibu "zote" alijua. Nilimuuliza kwa nini hakunisema, alikuwa na haki, neno moja tu lingemtosha. Akaendelea kukwangua bakuli.

"Ulikuwa na kiu," akasema.

Mimi nilikuwa na jicho kali kuliko watu wote wa ploti ile, na jambo alilolifanya Anti sikuliona hadi aliponionyesha mwenyewe. Siku ya Idi alinikatia nyota, kwa utani, akanipa mbele ya watu. Nilimpa Nuru. Akaniuliza kama siipendi chokoleti. Nikamwambia ni fungu lake, nililila kabla hajazaliwa.