Rangi ya Boti Juu ya Gari Langu

Rangi ilikuwa imebabuka kwenye boneti, kwenye paa na kwenye buti, sehemu zote ambazo jua la Doha hupiga moja kwa moja. Milango ilikuwa bado nzuri. Injini ilikuwa nzima, breki nzima, na kiyoyozi kilitoa baridi mpaka abiria wakaomba nipunguze. Mimi ni muuguzi, najua tofauti ya ugonjwa wa ngozi na ugonjwa wa moyo. Gari langu lilikuwa na ugonjwa wa ngozi tu.

Yule mama wa Al Wakrah hakutaka kusikia habari za moyo. Rafiki yangu, tuliyesoma naye shule ya msingi, alikuwa akifanya kazi nyumbani kwake: kupika, kufua, kulea. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko kwa mujibu wa mkataba, lakini mkataba haufungui geti. Mama huyo alimruhusu kwenda kanisani Mesaimeer kwa sharti kwamba nimchukue mimi mlangoni na nimrudishe mimi mlangoni. Teksi hapana, basi hapana. Tulikwenda hivyo kwa miezi kadhaa, na zile saa chache za Ijumaa ndizo pekee alizokuwa nazo za kukaa na watu bila kutumwa kitu.

Kisha Ijumaa moja mama alitoka mpaka nje, akalitazama gari langu, akakunja uso. "Hadha mafi zein," alisema, yaani hili si zuri. Eti litatuharibikia njiani. Na majirani wanaona, watasema nini juu ya nyumba yake? Rafiki yangu hatatoka tena mpaka nije na gari la maana. Khalas, yamekwisha. Geti likafungwa, rafiki yangu akabaki ndani na Biblia yake mkononi, ameshavaa viatu.

Nilirudi nyumbani Abu Hamour nikifoka peke yangu kwa lugha ya mama, huku nikizungushwa na barabara zilizochimbwa kila upande. Miaka hiyo Doha nzima ilikuwa inachimbwa. Hasira yangu ilikuwa moja: mtu ananyimwa siku yake kwa sababu ya boneti.

Binamu yangu, aliyekuwa dereva wa kampuni na niliyeishi naye kwenye villa moja iliyogawanywa vyumba vyumba, alikuwa na suluhisho. "Dada, chukua hii yangu ya kampuni Ijumaa. Ni mpya, inang'aa. Huyo madam hatasema kitu."

"Na kampuni yako ikijua?"

"Itajuaje?"

Nilimwambia nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nilikuwa nimetafuta leseni ya udereva kwa machozi, nimelinunua lile gari kwa jasho langu, na sikuwa tayari kulificha nyuma ya nyumba kama mtoto asiyetakiwa. Gereji za Industrial Area nazo zilinitajia bei ambayo ningeweza kununulia gari jingine bovu. Basi nikasema nitalipaka mwenyewe, hapa hapa uani, kwa mkono.

Binamu alicheka mpaka akakaa chini. "Kinyozi hajinyoi, dada."

"Mimi najinyoa."

Nilikwenda Al Wakrah, kwenye duka la vifaa vya boti karibu na bandari. Nilikuwa nimeona boti zinakaa kwenye jua lile lile, tena na chumvi juu yake, na rangi yake haikimbii. Nikanunua rangi ya boti, nyeupe, maana kadi ya gari inasema nyeupe na sikutaka maneno na askari. Nikanunua rola ndogo za sponji, brashi moja na msasa.

Zamu yangu kliniki ilikuwa ya alasiri, kwa hiyo nilifanya kazi asubuhi. Nilisugua boneti mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha nikafungua kopo, nikaona rangi ni nzito, nikafanya kile ambacho kila mtu kwetu anafanya: nikaongeza petroli. Baba yangu alipaka mageti hivyo. Madirisha ya kanisa letu yalipakwa hivyo. Sikufikiri mara mbili, kwa sababu hilo si jambo mtu hulifikiria.

Lakini kwetu ni milimani, asubuhi ina ukungu. Hapa ulikuwa mwezi wa nne, na bati la gari lilikuwa moto kabla hata ya kifungua kinywa. Petroli iliruka hewani kabla rola haijafika mwisho wa boneti. Rangi ikashika, ikavutana, ikafanya mikunjo. Nilipojaribu kuilainisha ikazidi. Halafu upepo ukaamka ukaimwagia vumbi.

Binamu alitoka na chai yake, akazunguka gari taratibu. "Sasa hii ni boneti ama ni chapati?"

"Chapati angalau zinaliwa. Maneno yako hayaliwi."

Niliingia chumbani nikalia, nasema wazi. Nililia kwa sababu niliona Ijumaa nyingine inapita na rafiki yangu yuko ndani ya lile geti. Kisha nikanawa uso nikaenda kazini, nikanuka petroli zamu nzima.

Nilianza upya. Nilikwangua mikunjo yote. Nikanunua tapentaini, ambayo hairuki haraka. Nikaanza kuamka na adhana ya alfajiri, wakati bati limepoa na upepo bado umelala. Nilimwaga maji uani ili vumbi likae chini. Nikapaka koti la kwanza la rangi, jembamba sana, jembamba mpaka rangi ya zamani ikaonekana chini yake, nikaacha likauke, nikapitisha msasa wa maji, nikapaka tena. Binamu aliacha kucheka kwenye koti la tatu. Siku iliyofuata nilikuta ameshamwaga maji uani kabla sijaamka.

Ukilitazama kutoka barabarani, lilikuwa gari jeupe kama mengine. Ukilisogelea uliona michirizi ya rola, na mdudu mmoja aliyezikwa karibu na taa. Sikumtoa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mji ule ulikuwa umejaa mikakasi yenye magurudumu. Langu lilikuwa zima ndani, na nje lilikuwa na alama za mikono yangu. Sikuona la kuonea aibu.

Ijumaa nikaenda Al Wakrah. Mama alitoka na simu mkononi. Alizunguka gari, akapitisha kidole kwenye boneti, akasimama pale pale kwenye michirizi.

"Gereji gani?"

Ningeweza kusema uongo. Njia nzima nilikuwa nimeutayarisha. "Nimepaka mimi, mama. Kwa mkono. Na linakwenda vizuri, kama lilivyokwenda siku zote."

Alishusha pumzi, akatikisa kichwa. Nilijua anatafuta namna ya kukataa. Wakati huo rafiki yangu alitokea nyuma yake, amevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri. Hakusimama. Alipita kando ya mwajiri wake, akafungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda.

"Mama, nitarudi saa tisa," alisema kupitia dirishani, kwa sauti yake ya kawaida.

Mama alimtazama. Mimi nilishika usukani nikatazama mbele. Mwishowe nilisikia geti likifungwa, naye hakuwa amesema ndiyo wala hapana.

Tukashika barabara ya Mesaimeer.

"Na angekuambia ushuke?" nikamuuliza.

"Singeshuka."

"Na kazi?"

"Hata Ijumaa ile aliyokukatalia ningeingia," alisema. "Hata na ile boneti mbaya. Ni wewe uliyeondoka haraka."

Nikaongeza mwendo, maana ibada ilikuwa karibu kuanza.